Jiko la Jua na Githeri ya Julai

Asubuhi nyumba yetu, mbele kidogo ya Kiirua, ilinuka majani ya chai na gesi iliyotoroka kabla kiberiti hakijawaka. Mama aliichukia ile gesi. Kila jioni alirudi jikoni kuhakikisha ameufunga mtungi, na ulipoisha chakula kikiwa nusu, ilibidi mtu wa bodaboda atumwe kwenye matope kuleta mwingine. Stima haikuwa imefika kwetu. Kwa hiyo alipopata paneli za sola, betri na jiko la umeme, aliuondoa mtungi siku hiyo hiyo, akampa mjomba wangu wa Kinoru. Baba, aliyekuwa akifundisha Embu na kuja nyumbani wikendi, hakupendezwa. Nyanya, mama yake, aliishi nasi. Baba alisema siku Nyanya atakapolala njaa kwa sababu ya hilo jua, gesi itarudi, na maneno yatakuwa yameisha.

Miezi ya kiangazi tulitamba. Halafu ikaja Julai na ukungu wake, ule unaolalia mashamba ya viazi kutwa nzima hadi unasahau mlima uko upande gani. Jioni moja githeri, mahindi na maharagwe yetu ya usiku, ilikuwa ndiyo kwanza inachemka, jiko likazima. Mahindi yalikuwa magumu kama changarawe. Mama aliketi kwenye kigoda akalia mbele yetu, nami niliogopa sana. Nyanya, ambaye sikuwahi kumsikia akimsifu mama kwa lolote, alimenya ndizi moja mbivu, akaila polepole, akaenda kulala.

Jumamosi Baba akamuuliza Nyanya, "Mama, hapa unakula vizuri kweli?"

"Nakula, nashiba," Nyanya akajibu. Kisha akamgeukia mama. "Lakini wewe Mama Kendi, githeri uwe unapika mchana. Nani alikwambia jua linapika usiku?"

Baba alicheka, na habari ya gesi ikaishia hapo. Tangu siku hiyo tulipika saa sita, tukaifunika sufuria kwa blanketi hadi jioni.

Sasa naishi Majimbo, Embu, napika saa yoyote nitakayo, na mara nyingi nakula peke yangu. Nyanya alishafariki. Majuzi nilimuuliza mama kama alijua Nyanya alilala njaa siku ile.

"Sote tulilala njaa," akasema. "Lakini yeye ndiye aliyeulizwa."