Nilimfundisha Somoe Hesabu ya Uongo

Naanza kwa kukiri: nilikosa, tena kwa makusudi. Msije mkanitetea kwamba nilikuwa mtoto. Nilikuwa kidato cha sita, na akili zangu timamu.

Darasa letu la sayansi pale Mtwara tulikuwa wasichana wawili tu, mimi wa Rahaleo, pale pale mjini, na Somoe wa kijijini Mpapura. Bwenini yeye alilala kitanda cha juu, mimi cha chini, na chakula tulikula sahani moja. Sikuwa na rafiki mwingine, wala sikumtafuta.

Msimu wa korosho ulipofika, mama yake akaugua. Somoe akaomba ruhusa kwenda kuokota korosho za nyumbani, maana zikikaa chini zinaharibika. Wiki hizo hizo mwalimu akafundisha Ksp, ile hesabu ya kujua chumvi isiyoyeyuka vizuri inaachia ioni kiasi gani kwenye maji.

Aliporudi akaniambia, "Mwenzangu, nielekeze. Nikimuuliza mwalimu atasema mimi mtoro, nilipitiliza siku za ruhusa."

Sasa niseme ubaya wangu. Mtihani wa muhula uliotangulia Somoe alinipita kemia, mwalimu akamsifia mbele ya darasa zima. Nilipiga makofi huku roho inaniuma. Wivu, jamani, wivu tu.

Tukachukua mfano wa kloridi ya risasi, moja ya chumvi hizo. Ikiyeyuka, kila ioni moja ya risasi inatoka na mbili za kloridi. Ukolezi wa risasi, yaani wingi wake ndani ya maji, ukiuita x, wa kloridi ni 2x, na hiyo 2x lazima uipandishe kipeo cha pili ndipo uzidishe na x. Somoe akakwama hapo hapo. "Nimeshazidisha kwa mbili, bado tena nipandishe kipeo?"

Nikamwambia, "Usipandishe. Utakuwa umehesabu mara mbili."

Akaandika, akapigia mstari kwa wino mwekundu.

Nilijiambia nitamrekebisha kesho. Kesho ikawa wiki, wiki zikafika mtihani wa taifa, na swali la Ksp likaja. Tulipotoka nje Somoe alinikumbatia, ananishukuru kwamba lile nililomwelekeza limetoka. Nami nikamkumbatia.

Matokeo yakatoka. Mimi nikapata nafasi ya kusomea famasia. Yeye kemia ilimwangusha, akarudi Mpapura kwenye mikorosho. Sijui kama ni swali lile peke yake. Sitajua kamwe.

Huu mwaka wa pili niko chuoni na sina mtu. Wenzangu wakiniita tukasome pamoja nakataa, naogopa mtu asije akaniuliza kitu. Nakula peke yangu. Nikiona la kuchekesha namkumbuka Somoe, nashika simu, naiweka chini. Nitamlalamikia nani, na nimejitakia mwenyewe?

Mwezi uliopita akanipigia yeye, na sauti yake ile ile ya uchangamfu. Mdogo wake wa kike naye amefika kwenye Ksp.

"Nimemfundisha vile vile ulivyonifundisha, mwalimu kamkata alama. Kesho naenda shuleni kumwambia kakosea. Wewe si ulifaulu?"

Nikamwona Somoe akilini mwangu, amesimama ofisini mwa walimu, ananitetea.

"Usiende," nikasema. "Mwalimu yuko sahihi. Nilikudanganya, Somoe. Nilikuwa najua."

Nikasikia kuku, nikasikia mtu anatwanga. Hakunitukana. Bora angenitukana.

Halafu akasema, "Haya. Mdogo wangu huyu hapa. Mwelekeze vizuri."

Nikamwelekeza yule binti hatua kwa hatua, mpaka akapata jibu. Akafurahi, akasema kumbe ni rahisi. Nikamwomba anipe dada yake.

"Dada ametoka. Kaenda shamba."

Tangu siku hiyo hapokei simu zangu.

Nyie mlio shuleni mkiwaonea wivu wenzenu, nisikilizeni. Mwenzako akikuuliza kitu unachokijua, mjibu sawasawa, au mwambie usoni kwamba hutaki. Mimi nilimjibu Somoe kwa dakika moja, na leo sina wa kumpigia simu.