Dobi wa Galu anayemwanikia mbwa kivuli

Saa nne na nusu asubuhi, jua la Galu limeshachachamaa, na Bi Muhsina Mbwana anaanika shuka mahali ambapo dobi mwenye akili zake hangeanika: nyuma ya jikoni, ubavuni mwa tangi la maji. Anarudi nyuma, anatazama kivuli kimeangukia wapi, anaisogeza shuka hatua moja kushoto.

Chini yake, mbwa wa rangi ya udongo anajivuta kivulini na kulaza kichwa.

"Haya, Kamanda. Lala hadi adhuhuri, kisha tutahama," anamwambia.

Jina ni kubwa, Kamanda, lakini himaya yake ni mita moja na nusu. Huo ndio urefu wa mnyororo uliomfunga kwenye nguzo ya tangi usiku na mchana, mwaka wa tatu huu. Anapozunguka hapaoti hata jani. Manyoya ya shingo yamekwisha, ngozi imekuwa nyekundu.

Siku moja Bi Muhsina aliupima mnyororo kwa leso yake ya kujitanda. Leso ilizidi.

"Juu ya kichwa chake pana lita elfu tano za maji, na bakuli lake kavu!" asema mama huyu wa miaka hamsini na minane, sauti ikipanda. "Mtu akifungwa, huwa kaiba. Huyu kaiba nini?"

Yeye ni mtu wa Kinondo, na amefulia watu kwa miaka kumi na tisa. Nyumba hii ya kukodishia wageni humlipa shilingi elfu kumi na moja kwa mwezi, nazo ndizo zinazowalisha wajukuu wake wawili. Kazi hiyo si ya kuchezea, naye anajua.

Anaichezea vilevile. Msimamizi wa nyumba, Kavumbi, ameshampa barua mbili za onyo. Ya pili inamshtaki kwa "matumizi mabaya ya shuka za wageni". Ya tatu itakuwa ya kwaheri.

"Mimi si mkatili," ajitetea Kavumbi. "Akifunguliwa atatoka, atakula kuku wa watu, watamtilia sumu. Mbwa wa jirani alikufa hivyo. Mnyororo ndio usalama wake."

Bi Muhsina, aliyekuwa akisikiliza na vibanio mdomoni, anavitoa.

"Basi njoo nikufunge na wewe, mwanangu. Barabara ya Diani ina magari mengi."

"Mama, mbwa ni mlinzi."

"Analinda nini? Mwizi atasimama mita mbili, atamwamkia, atapita."

Kavumbi anacheka, kisha anakumbuka cheo chake na kuondoka.

Langoni nako kuna maneno. Fauzia, muuza matunda, humtania kila asubuhi: "Shoga, Muislamu mzima umekuwa yaya wa mbwa?"

"Simshiki," hujibu Bi Muhsina. Maji humpa kwa kata ya mpini mrefu. "Na akinilamba naosha mara saba, moja kwa udongo. Udongo wa Galu haujaisha. Lakini kumnyima kiumbe maji, uchafu huo hautoki hata kwa jiki."

Mwenye nyumba, anayeishi Nairobi, anafika Jumamosi. Bi Muhsina ameshaweka waya tayari, mita kumi na mbili, kando ya sabuni zake. Anataka uvutwe kati ya mivinje miwili ya uani, penye kivuli kutwa, na mnyororo utiwe pete itakayoteleza juu yake. Anauita kamba ya kuanikia mbwa. Usiku, lango likifungwa, Kamanda afunguliwe kabisa. Ukuta si upo?

Na mwenye nyumba akikataa?

"Nitamwomba akae hapo yeye, saa nne hadi saa kumi. Kiti nitamletea."

Saa sita Kavumbi anarudi na kuamuru shuka iondolewe.

"Haya, baba," asema Bi Muhsina, mpole kama bibi harusi, na kuikunja vizuri. Kamanda anabaki juani, ulimi nje.

Kavumbi akishaingia ofisini, Bi Muhsina anavua leso ya mabegani mwake na kuianika palepale. Leso ni yake, haiandikiwi barua ya onyo.

"Tuvumilie hadi Jumamosi," anamwambia Kamanda.

Kila leso ina maneno yake. Ya leso hii gazeti la heshima haliwezi kuyachapa. Bi Muhsina ameyageuzia dirisha la ofisi.