Verna Keeping na Mashine Inywayo Oili

Verna Keeping alinunua pikipiki yake ya magurudumu manne kwa hasira. Shemeji yake Cluney, mdogo wa mumewe, ndiye aliyekuwa akimpeleka nyikani kila kiangazi kuchuma matunda ya tindigani, kule kwenye kinamasi, na kila kiangazi alimpakia nyuma kama gunia la viazi na kumsimanga njia nzima. Mara shemeji umenenepa, mara shemeji sikia magurudumu yanavyolia. Mwaka ule Verna aliteremka katikati ya safari, akarudi kijijini kwetu Skerry Cove kwa miguu na ndoo tupu mkononi, na kabla juma halijaisha akawa na usafiri wake mwenyewe.

Mimi naishi jirani yao, uzio kwa uzio. Siku ilipoletwa niliinusa kabla sijaiona.

Ilikuwa kuukuu, nyekundu iliyopauka mpaka ikafanana na samaki aliyepikwa sana, na injini yake ilikuwa ya mapigo mawili. Injini za namna hiyo hazikai na oili yao tumboni kama nyingine. Huinywa pamoja na petroli, kisha huitoa nyuma kama moshi wa buluu. Na hii haikunguruma. Ilibweka.

"Muuzaji kaniambia ilikuwa ya mama yake," Verna alisema, kifua mbele. "Alikuwa akiendea kanisani tu."

Cluney aliizunguka, akaipiga gurudumu teke. "Labda kanisa lenyewe lilikuwa motoni. Shemeji, hiki chuma hakioni theluji ya mwaka huu."

Gus, mumewe Verna, alisimama mlangoni na kikombe cha chai. Gus amevua samaki maisha yake yote, kavuka mawimbi ya kutapisha nyangumi, lakini kitu chenye magurudumu humkausha mate.

Cluney alikosea kidogo tu. Haikufika hata kwenye theluji. Ilifika kona ya pili, ikakohoa, ikazima. Verna akaisukuma kurudi nyumbani, akaifungua injini na kuipanga mezani jikoni. Alikuwa amepasua samaki kiwandani tangu usichana wake mpaka kiwanda kilipofungwa, na alisema chochote chenye matumbo anajua pa kuanzia. Ndani ya filta ya hewa alikuta kiota cha panya. Kabureta ilikuwa imeganda petroli ya zamani, nzito kama asali. Plagi ilikuwa nyeusi tii. Na ringi za pistoni zilikuwa zimelika hata haziwezi kubana pumzi, ndiyo maana mashine ilikuwa ikipanda kilima kama mgonjwa wa pumu.

Gus alikula kwa kuyasogeza haya yote kwa kiwiko.

"Mke wangu," alisema siku moja, akiinua kitu kutoka kwenye sahani ya chewa na viazi, "hii ni ringi au ni kitunguu?"

"Itafune, utajua."

Alipomaliza kuipanga upya, kitu kimoja hakukirudisha. Mashine ilikuwa na pampu ndogo ya kuchukua oili kutoka kwenye tangi lake la pembeni na kuichanganya yenyewe na petroli. Verna aliing'oa pampu ile, akaiziba njia yake. Siku hiyo Gus alikuwa baharini; Cluney alikuwa ameegemea uzio wangu akitazama.

"Sasa pampu ina kosa gani, shemeji? Si inafanya kazi?"

"Leo inafanya. Kesho ikifa haipigi simu. Injini ndiyo itakayoniletea habari, na habari yenyewe itakuwa ya msiba. Nitachanganya mwenyewe kwenye galoni. Mkono wangu naujua."

Tangi la oili alilibakiza pale pale na oili yake ndani, kwa sababu bila hilo ubavuni kulikuwa na tundu lililokuwa likimrushia matope usoni.

Baada ya hapo, nisiseme uongo, mashine ilikwenda. Verna aliilea. Kila akirudi aliosha filta ya hewa kwa sabuni, akaikamua na kuianika kambani na soksi za Gus. Petroli iliyokaa sana hakuitumia, aliimwaga. Plagi ya akiba ilikaa mfukoni mwa blauzi, palipo na joto, na alikuwa akiibadilisha njiani huku akipiga soga. Aliyeteseka ni majirani. Bi Drusilla wa nyumba ya juu, mjane mwenye farasi mdogo aitwaye Askofu, alikuja mpaka mlangoni.

"Verna, shuka zangu zinanuka kama kituo cha mafuta!"

"Funga madirisha, mama."

"Ziko nje kwenye kamba!"

"Basi fungua, mama, uziingize."

Majira ya kuni yakafika. Jumapili moja asubuhi, watu wakiwa wanajiandaa kwenda ibadani, simu ya Gus ililia. Alikuwa Cluney. Alikwenda msituni peke yake na pikipiki yake mpya, ile ya mapigo manne aliyokuwa akiisifia kila mlango, akakata njia kupitia tindiga, na tindiga ikaimeza mpaka kwenye kiti.

Verna alicheka akajishikilia kwenye jiko. Kisha akapanda ghorofani, akabadili nguo na kupaka rangi ya mdomo.

"Unakwenda kumvuta mtu matopeni," Gus alisema.

"Ninakwenda kukumbukwa."

Wakati yuko juu, Gus naye alitaka kumfaa mkewe. Alikwenda bandani, akafungua tangi la petroli, akaliona limebaki kidogo. Akachungulia tangi la oili, akaona limejaa. Akasema moyoni, vizuri, mashine itajichanganyia. Akalijaza tangi mpaka juu kwa petroli ya mashua yake, safi, isiyo na hata tone la oili. Verna alishuka mbio, akavuta kamba, akaondoka akipunga mkono. Oili iliyobaki ndani ya injini ilimfikisha tindigani.

Cluney alikuwa amesimama majini mpaka kiunoni, ameshikilia usukani kama mtu anayebatizwa kwa nguvu.

"Shemeji," alisema, "usiseme kitu."

"Sijasema. Ila naona umenenepa. Magurudumu yamezama."

Alifunga kamba, akavuta. Mashine kuukuu ilibweka, ikatetemeka, ikatoa moshi uliofunika miti, na ile mpya ikatoka kwa sauti ya busu kubwa. Lakini ilikuwa imekunywa maji na haikuwaka, basi Verna akaanza kumvuta mpaka nyumbani. Anasema alikuwa akiimba. Waliukaribia mteremko wa kanisa ndipo mlio ulipobadilika, ukawa mwembamba, kama nguruwe aliyebanwa mlangoni. Nguvu zikaisha. Magurudumu ya nyuma yakafunga ghafla, na Cluney akamgonga kwa nyuma.

Kimya. Injini ilikuwa imenoki, pistoni imekwama ndani kwa kukosa oili.

Verna alifungua tangi, akanusa. Petroli tupu. Akachukua simu.

"Gus, mpenzi. Ulitia nini?"

"Petroli, mpenzi wangu!" Gus alisema kwa furaha. "Nimekujazia mpaka juu!"

Cluney alifungua mdomo. Verna akamtazama, naye akaufunga.

"Asante, mpenzi," alisema kwenye simu. "Sasa nenda kwa Bi Drusilla. Mwambie namwomba Askofu."

Hivyo ndivyo tulivyowaona sisi tuliokuwa tukitoka ibadani. Mbele Bi Drusilla kwa kofia yake ya Jumapili, akimwongoza farasi wake mdogo mwenye tumbo kubwa. Nyuma ya farasi, Verna juu ya mashine isiyobweka, midomo myekundu, uso mweusi. Nyuma yake Cluney, amepakwa tope mpaka masikioni. Watu waliacha kusalimiana na mchungaji.

"Huyu anakula majani tu," Bi Drusilla alitangaza kwa kila mtu. "Hachanganyiwi kitu!"

Gus alipoelewa alichofanya hakula chakula cha mchana, na ilikuwa supu ya njegere, aipendayo kuliko zote. Alikaa bandani juu ya ndoo. Verna alimfuata, akaifungua injini mbele yake, akamwonyesha pistoni iliyochubuka upande mmoja kama goti la mtoto.

"Nimekuulia mashine," Gus alisema.

"Umeiua kwa mapenzi. Ningekuwa nimeolewa na Cluney, angeiua kwa ujeuri." Akampa kitambaa. "Shika hapa. Na kosa ni langu pia. Nani anaacha tangi la oili lililojaa pembeni halafu anategemea watu wasiliamini?"

Tangi lile lilitolewa siku hiyo hiyo, na tundu likazibwa kwa kifuniko cha sufuria. Silinda ilihitaji kuchongwa upya mjini na kuwekewa pistoni kubwa kidogo. Aliyeipeleka, bila kuombwa, alikuwa Cluney. Aliingojea huko siku nzima, akairudisha imefungwa kwenye sweta yake nzuri, na neno kuhusu uzito wa mtu hakulisema.

Majira ya baridi yale mume na mke waliijenga injini pamoja, na Gus akajiteua kuwa mchanganyaji wa oili. Alikuwa mkali kuliko mfamasia. Alinusa kila galoni, alinusa tangi kabla ya kila safari, na niliwahi kumwona akinusa chai. Siku ya kuizoesha pistoni mpya, Verna akiendesha taratibu barabarani, Gus alimkimbilia kando na viatu vyake vya mvua akipiga kelele, "Usikaze! Usikaze! Ni changa bado!"

Matunda yalipoiva kiangazi kilichofuata, Verna alimwambia apande nyuma. Gus alitazama ardhi, akatazama bahari, akapanda. Walirudi jioni na ndoo zilizojaa na nyuso nyeusi za moshi. Nilimuuliza Gus safari ilikuwaje.

"Nzuri sana," alisema. "Plagi iliziba mara mbili, tukasimama. Ndipo nilipofumbua macho nikaona nchi."