Viinitete Visivyojua Kusimama

Mtafiti mmoja, ambaye nduguze walimwita Mama Vyura, alivipiga mionzi viinitete vya chura, yaani mayai yaliyoanza kukua, ili kuharibu DNA ya seli zake. Alitarajia visimame kwanza, viache kugawanyika hadi vijitengeneze. Wapi! Chini ya hadubini viliendelea kugawanyika kama havijaguswa. Akarudia kwa vingine, mambo yakawa yale yale. Akamwita fundi wa mashine ya mionzi, uso umemvimba.

"Kaka, mashine yako imekufa."

"Dada, nimeshaipima. Ni nzima kabisa. Vyura wako ndio wakaidi."

"Sasa mbona hawasikii?"

Fundi akabeba mkoba wake, akaondoka akinung'unika. Mama Vyura alichukia hata chai ikamshinda.

Asubuhi iliyofuata alikuta viinitete vilivyopigwa mionzi vimesambaratika vyote, na vile visivyoguswa viko salama. Vilikufa kwa pamoja, pale vilipoanza kujikunja kuunda mwili. Hapo akaelewa: vikiwa vichanga mno havijui kusimama, vinakimbilia kugawanyika tu, na madhara yanavikuta baadaye.

Akampigia fundi. "Kaka, nisamehe. Mashine ni nzima."

"Si nilikwambia!" fundi akafoka, akakata simu.