Dakika Arobaini za Jua

Wanangu wawili wa kwanza niliwabeba tumboni huku nauza vitenge sokoni, jua likinichoma tangu asubuhi. Wa tatu nilimbeba ndani ya nyumba, mtaani Nyakabiga, wakati wa vita. Risasi ilikuwa imemwangusha jirani yetu akianika nguo uani, na tangu siku hiyo mume wangu hakuniruhusu kutoka. Sikumlaumu. Ukutani nilihesabu matundu manne ya risasi. Niliporudia, yakawa matano.

Mimba ilipofika miezi sita, nyonga zikaanza kuniuma. Nikawa natembea kama bata. Mkunga wa mtaani, mwanamke asiyecheka ovyo, alinibonyeza mfupa wa mguu nikapiga kelele.

"Weye mama, unakosa vitamini ya jua," akasema. "Na mutoto anakula ile kidogo yako. Dawa iko, lakini mipaka imefungwa, farmasi ziko tupu. Ukae kwa jua kila siku, mikono na miguu wazi."

Nyumbani nikaanza kazi niliyoizoea sokoni, kupatana. "Saa nzima uani," nikamwambia mume wangu. Nilianzia juu, kama inavyotakiwa.

"Apana."

"Nusu saa."

"Mama watoto, yule jirani mi nilimubeba kwa mikono yangu. Apana." Akafikiri. "Kaa dirishani, mu chumba. Lakini lifungwe."

"Dakika arobaini, basi."

"Chukua hata hamsini. Lifungwe tu."

Nilijiona nimempunja. Niliomba nusu saa, nikaondoka na arobaini! Dirisha lile lilitazama ukuta wa nyuma, hakuna wa kuniona. Kila saa nne asubuhi nilikunja gauni na kuliweka tumbo kwenye joto. Mume wangu alikuwa amebandika plasta mbili zilizokatizana kwenye kioo, kisipasuke kwa mabomu, na kivuli cha msalaba kikanilalia kitovuni. Nikamwambia mtoto: usishangae, sisi ni Waislamu, hii ni ya mabomu tu. Dakika arobaini kwa saa ya mkononi, kisha nikahakikisha kwa saa ya ukutani.

Akazaliwa msichana, mwenye sauti. Siku ya nne mkono wake ukaanza kurukaruka, kisha mguu, kisha macho yakapanda juu. Mkunga akaja mbio.

"Jua ulikaa?"

"Kila siku. Dakika arobaini."

"Wapi?"

"Dirishani."

"Wazi?"

"Limefungwa."

Akaenda kukigusa kile kioo. "Kioo inapitisha mwangaza na joto, mama. Ile kitu yenyewe ya kuleta vitamini haipite. Mi ndiye sikukuambia."

Miaka yote ile sokoni, hakuna aliyewahi kuniuzia boksi tupu.

Mkunga alikuwa na sindano moja, akamchoma mtoto. Mishtuko ikatulia. Nikahesabu pumzi zake, nikarudia kuzihesabu. Mishtuko ikaanza tena. Kabla ya Alasiri alikata roho begani kwangu. Hakuwa na jina bado. Tulikuwa tunangoja siku ya saba.

Walimzika wanaume watano, harakaharaka, kabla ya amri ya kutotoka nje. Asubuhi yake mume wangu akafungua mlango wa uani, akatandika mkeka.

"Kaa," akasema.

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka uchoke."

Maziwa yaliloanisha gauni langu, jua likalikausha, yakaliloanisha tena. Milimani bunduki zilikuwa zikilia. Yeye alikaa kando yangu, kati yangu na lango.