Kaporali Aliyekataa Kuniamkia

Sikuhadithiwa na mtu. Haya yalinipata mwenyewe, tumbo limeshiba, jua bado linawaka juu ya ngome ya Mutsamudu, na watu wanapita na vikapu vyao. Nalisema mapema kwa sababu nawajua watu. Ukitaja wafu tu, wanakuuliza ulikuwa umekunywa nini. Nilikuwa nimekunywa chai ya mchaichai. Haya, tuendelee.

Kwanza mnijue. Shule mimi niliisikia kengele yake tu, nikipita na mzigo kichwani. Kiswahili hiki nilikiokota Unguja nilikokuwa mchukuzi. Nikarudi Moroni na robota moja la mitumba, nikatandika turubai Magoudjou, pale teksi zinapojaza abiria. Leo ukiuliza nyumba ya milango ya kijani yenye roshani juu, hata mbuzi atakuongoza. Na harusi kubwa ya ada nimeifanya, ile ambayo kwetu Ngazidja mwanamume asipoifanya anabaki mtoto wa mji hata akiota mvi. Niliifanya kabla ya wenzangu wote wa rika. Wanamuziki waliomba kupumzika, mimi nikakataa.

Ndani ya mitumba ile ndimo nilimojifunza tepe. Nasema tepe za vyeo, zile za askari wa chini: askari wa daraja la kwanza, kaporali, sajini. Makoti ya zamani ya jeshi la Wafaransa yalikuwa yakiletwa kwangu na wajukuu wa askari, koti limeliwa na nondo lakini tepe bado ipo. Nikajua kuzitambua. Unachomoa uzi mmoja, unauwasha kwa kiberiti. Ukinuka kama nywele zilizoungua, hiyo ni sufu, tepe ya kweli. Ukiyeyuka ukawa kidonge cheusi, umeletewa kitu cha juzi. Kisha unaigeuza, maana nyuma rangi lazima iwe mbichi kuliko mbele. Na zile za kale kabisa hazikukaa begani. Zilishonwa mshazari, chini kwenye mkono wa koti, karibu na kifundo cha mkono. Mbili nyekundu za sufu, basi huyo ni kaporali. Mtu akinipa tepe gizani, namwambia cheo kwa vidole.

Enzi hizo mamluki ndio walioshika nchi. Rais alikuwa na kiti, wao walikuwa na bunduki. Mmoja wao, kapteni (nadhani cheo hicho alijivisha mwenyewe njiani akija), alikuwa mgonjwa wa tepe za zamani. Alizipanga katika visanduku vya sigara na kuzifuta vumbi kwa brashi ya kunyolea ndevu. Mteja wangu huyo, na mimi nikijivuna naye, nisiwafiche.

Sasa sikilizeni balaa. Mdogo wangu Msa, tumbo moja, mchekeshaji, siku moja sokoni akaigiza mwendo wa kapteni: kifua mbele, makalio nyuma, mkono kiunoni. Soko zima likacheka. Jioni ile walinzi wakamchukua. Mama akaacha kula. Na wakati ule mtu akiingia kambini kwao, hukujua kama atatoka akitembea, au hatatoka kabisa.

Nikaenda kwa kapteni. Akanisikiliza huku anasugua kitufe.

"Mpishi wangu ni mtu wa kijiji cha Patsy, jirani na Mutsamudu," akasema. "Ananiambia kule, ndani ya mji wa mawe, kuna bibi ana koti la vita vya kwanza. Lina tepe mbili za mshazari. Kwenye visanduku vyangu sina. Niletee, ndugu yako atalala kwao."

"Na nisipozipata?"

Akarudia kusugua kitufe chake.

Nikapanda kindege hadi uwanja wa Wani, kisiwa cha pili, kisha teksi, kisha miguu, maana vichochoro vya Mutsamudu hata punda anaombwa apite ubavu. Kilugha chao ni kingine na changu ni kingine, lakini jina la bibi kila mtu alilijua. Nikamkuta sebuleni, mwanamke mdogo wa umbo, macho makali, koti amelitundika ukutani kama mtu anayetazama chumba. Nikamwita Koko, kama tunavyowaita bibi zetu. Nikatoa zawadi, nikamweleza habari ya Msa bila kuficha.

Nililishika koti lile. Mbili nyekundu, mshazari, sufu, uzi wa mkono. Sikuhitaji hata kiberiti.

"Mwenye koti alikwenda Ulaya, koti likarudi peke yake," alisema Koko. "Tulilisomea hitima hili, kwa kuwa hatukuwa na maiti. Kwa hiyo mimi siwezi kukupa kitu. Mwombe mwenyewe. Yuko nje barazani. Akikuitikia, nitafumua."

Mimi nikaelewa nini? Nikaelewa kuna mrithi, mjukuu fulani, amekaa nje. Mtu mwenye haraka huelewa anachotaka.

Nikatoka. Kwenye benchi la mawe lililoshikana na ukuta alikaa kijana. Kanzu nyeupe, kofia ya kushonwa, ndevu ndiyo kwanza zinachungulia. Mikono ya kanzu ilikuwa mirefu, imefunika vidole.

Hapa niwaeleze desturi, kwa ajili ya wageni. Kwetu visiwani mdogo humwambia mkubwa "kwezi", na mkubwa huitikia "mbona". Mdogo ndiye anayeanza. Asipoanza ni tusi, na mbele ya mtu aliyefanya ada ni tusi mara mbili. Nikasimama mbele yake nikingoja kwezi yangu. Kijana ananitazama tu.

"Wewe," nikasema, "kwenu hamfundishwi kuamkia wakubwa?"

"Tunafundishwa sana," akajibu. "Ndiyo maana nakungoja wewe."

"Mimi nikuamkie wewe? Unanijua mimi ni nani?"

"Mtu wa mitumba."

"Mtu wa mitumba aliyefanya ada! Ijumaa naketi mbele na wazee!"

"Hongera," akasema. Jinsi alivyoitamka, nilihisi kama nimejisifu mbele ya babu yangu. "Wanasema unatambua vyeo. Nitambue."

Akakunja mkono wa kanzu. Niamini, ewe unayesikiliza, sitii chumvi. Juu ya ngozi yake, karibu na kifundo, palikuwa na alama mbili za mshazari, nyekundu, na pembeni yake vitundu vidogo vidogo vya sindano, vimejipanga sawasawa kama fundi alivyoviacha. Vidole vyangu vikaenda vyenyewe, kazi ni mazoea. Nikagusa. Ilikuwa sufu. Ngozi ya mtu, na chini ya kidole changu sufu! Na harufu ya nywele zilizoungua ikanijaa puani bila moto wowote.

Je, wewe ungefanya nini? Ungekimbia, na mimi miguu ilitaka hivyo hivyo. Lakini nikikimbia, Msa je?

Na bado, hebu oneni kiburi cha binadamu, ulimi uligoma. Kapita mwanamume na ndoo, nikaona aibu. Nilitamani kijana yule aniombe jambo jingine lolote, hata shamba langu. Yeye akashusha mkono wa kanzu, taratibu, kama mtu anayefunga duka.

Ndipo nikamwona Msa akilini, anaigiza mwendo ule mbele ya watu wasiocheka. Nikavua kofia yangu ya ada, nikainamisha kichwa, nikaunganisha viganja.

"Kwezi," nikasema.

"Mbona, mwanangu," akaitikia, na sauti ile haikuwa ya kijana. "Umechelewa. Lakini utazoea."

Nyuma yangu kicheko kikapasuka. Wanawake wawili, shuka zao za shiromani zimewafunika hadi puani, wamesimama na mafungu yao ya mchicha.

"Hee! Baba wa Ngazidja analiamkia benchi!" akasema mmoja.

"Liache benchi, dada," mwenzake akamjibu, "huenda limefanya ada kumshinda!"

Nikaligeukia benchi tena. Mawe matupu. Niliporudi ndani, Koko alikuwa ameshaanza kufumua kwa ncha ya sindano, uzi mmoja mmoja.

"Nimemsikia akiitikia," akasema. "Leo alivaa kofia?"

"Amevaa, Koko."

"Basi alikuwa na furaha. Ni mjomba wa mama yangu huyo."

Msa alitoka kambini jioni niliyokabidhi tepe. Alitoka akitembea, alhamdulillahi, ingawa utani ulibaki ndani huko na haujarudi mpaka leo. Kapteni naye hakufurahi muda mrefu. Aliniita akiwa amevimba macho. "Kuna kijana anakaa kwenye ngazi zangu," akasema. "Nikipita hasimami. Walinzi wananiambia hawamwoni." Nikamwambia ampigie saluti, yeye aanze. Kapteni kumpigia kaporali saluti! Akanifukuza. Baadaye mpishi wake alininong'oneza kwamba asubuhi bwana anasimama wima uani, mkono kwenye paji la uso, anazisalimu ngazi. Akaondoka visiwani kabla ya wenzake wote kuondolewa, visanduku kwapani.

Na mimi? Mimi ninayetambua cheo gizani, siku hizi sitambui nani mdogo wala nani mkubwa. Nikiona kijana amekaa kimya barazani, shingo inainama yenyewe na neno linatoka. Nimewaamkia wanafunzi. Nimemwamkia mpiga debe wa teksi Magoudjou, akakimbia. Wazee wenzangu msikitini wamechoka kunicheka, sasa wananionea huruma, na hiyo ndiyo inayouma. Nimesomewa, nimeandikiwa kombe, nimekunywa. Hakuna.

Nawe unayekusanya vitu vya askari, unayewaza thamani ya tepe kabla ya kuuliza mkono uliozivaa, nakuonya. Uliza jina lake. Uliza alizikwa wapi. Na ukifika kwenye nyumba hiyo ukakuta kijana hakuamkii, usisimame hapo kumwonyesha ukubwa wako. Anza wewe, tena upesi. Mimi nilichelewa kitambo kidogo tu.

Nina mtoto wa mwisho, ndevu zake ndiyo kwanza zinachungulia. Kila asubuhi namngoja mlangoni aseme kwezi yake, na moyo unanidunda mpaka aiseme. Jana alipita kimya, ana mawazo yake, vijana ndivyo walivyo. Nikainamisha kichwa, neno likatoka.

"Mbona, mwanangu," akaniitikia.