Tulipu Zilizoitwa Pamba

Nilimwokoa? Nani kamwokoa nani? Acha maneno hayo, bwana. Kila nikienda Mwaloni kubeba samaki lazima atokee mtu wa kunipiga bega: "Kijana, mdomo wako ule! Bila wewe shangazi yako saa hizi yuko kijijini analima mihogo." Halafu anacheka, anataka na mimi nicheke. Sicheki. Mmoja juzi nilimwambia nitamvisha tenga la samaki furu kichwani, na ningemvisha kweli, wakanishika. Akaondoka anasema kijana huyu hana shukrani hata ya kusifiwa.

Sasa nitasema mwenyewe toka mwanzo, maana nyinyi mnaosimulia mlikuwa kule nyuma ya ukumbi mnapiga makofi.

Shangazi ni dada wa marehemu baba. Alitoka Bukoba akaja Mwanza kufua nguo kwa masista, na mimi nilipobaki yatima akanifuata, akaniweka kwenye chumba chake kimoja hapa Kirumba. Shule niliishia darasa la nne. Mengine nimejisomea kwenye magazeti ya kufungia samaki, ndiyo maana mambo mengi nayajua nusu, nusu nyingine imelowa. Na mtu akimsema shangazi vibaya sisubiri amalize. Nimeshapigana kwenye foleni ya sukari, nimeshapigana bombani, nimeshapigana hata kanisani, pale nje kwenye ngazi. Yeye hanigombezi sana. Ananiambia tu, "Wewe mtoto, masikio unayo mawili. Tumia hata moja."

Kwa masista kulikuwa na sista mzee, Mholanzi, mguu mmoja unauma, anatembea kwa fimbo. Huyo ndiye aliyeleta maua ya tulipu. Alitumiwa mbegu zake kutoka kwao, vitu vya mviringo, vina ganda la kahawia jepesi kama karatasi. Shangazi akanieleza kwamba mbegu ya tulipu haioti mpaka ipigwe baridi kwanza, tena baridi ya miezi, idhani bado iko Ulaya. Kwa hiyo sista alizifungia kwenye friji lao la mafuta ya taa, chini kabisa, na shangazi ndiye aliyekuwa anaziangalia. Muda ulipofika wakazipanda kwenye makopo ya maziwa, mchanga wa ziwani na samadi kidogo, wakaziweka kwenye dirisha lisilopigwa jua.

Nyingi zilioza. Moja ikatoa ua.

Mimi nililiona. Shangazi aliniita mbio kama kuna moto. Limesimama peke yake juu ya shina, jekundu, umbo la kikombe, na ukichungulia ndani, chini kabisa kuna weusi kama masizi. Majani yake mapana, marefu, hayana pindo wala meno, yanapanda yakichongoka kama ncha ya mkuki. Nikasema, "Ndiyo hilo tu?" Shangazi akanifinya. Sista akacheka mpaka fimbo ikaanguka. Ua lenyewe halikukaa, joto letu lililegeza kikombe siku chache tu, lakini wale wawili walikaa nalo pale dirishani kama watu wanaouguza mgonjwa, mmoja anamwagia maji, mwingine anafukuza inzi.

Baadaye sista akazidiwa, akarudishwa kwao. Nyumba ikapunguza watu, shangazi akaachishwa. Siku ya kuagana sista alimpa mbegu zilizobaki, akamwambia, "Usiache tulipu zife Mwanza." Shangazi akaitikia ndiyo. Yeye akishasema ndiyo, ni ndiyo.

Friji sisi tutalitoa wapi? Nikamwambia, "Shangazi, baridi si ipo Mwaloni? Kwenye barafu ya samaki!" Nikajiona nina akili kama mhandisi. Nikazungumza na jamaa wa ghala, nikazifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikazifukia chini ya sato. Barafu ikaisha, umeme ukakatika, ikaletwa tena, ikaisha tena. Nilipozitoa zilikuwa uji, zinanuka samaki. Nilimpelekea hivyo hivyo. Alizinusa, akakunja uso, halafu akacheka kidogo. "Basi," akasema. "Nitaziotesha kwa mikono."

Akaziotesha. Si alikulia kwenye migomba? Aliagiza kwetu Bukoba ile ngozi ya ndani ya mgomba, laini kama hariri. Akaichemsha na rangi nyekundu ya kusukia mikeka, akaipiga pasi ingali mbichi, akaikunja juu ya chupa mpaka ikashika umbo la kikombe. Gundi ni uji wa muhogo. Shina ni waya wa tairi bovu, mimi ndiye niliyekuwa nachoma matairi, majirani wanatutukana kwa moshi. Weusi wa ndani aliupaka kwa masizi ya sufuria, kwa kidole, akibana pumzi. Na majani! Jani moja alikuwa analirudia mara hata tano. Nikamwambia, "Nani ataangalia jani?" Akasema, "Sista ataangalia." Sista yuko Uholanzi! Lakini ndivyo alivyokuwa anafanya kazi, kama mtu anayekaguliwa na asiyekuwepo.

Sasa sikiliza hapa. Miaka ile ukikaa mjini bila kazi inayojulikana, wewe ni mzururaji. Mgambo wanapita, lori linangoja, unapelekwa kijijini ukajenge taifa kwa jembe. Sibishani na siasa, kulima ni kazi. Lakini shangazi na mgongo ule wa kufulia miaka yote, alime nini? Balozi wetu wa nyumba kumi, mtu mpole, alikuja akakaa kwenye kigoda, akasema, "Mama, nimekufumbia macho nimechoka. Tafuta pa kujishikiza, la sivyo wiki ijayo sitaweza kusema sikukuona."

Pa kujishikiza palikuwepo. Mkuyuni kulikuwa na kikundi cha ushirika cha kina mama wa kazi za mikono, na walikuwa wanatafuta mwalimu wa maua. Katibu wa chama wa pale akasema sawa, kuna sherehe ya wakulima bora wa pamba, huyo mama aje apambe ukumbi tumwone. Akipamba vizuri anabaki mjini, mwalimu. Asipopamba vizuri, lori.

Tulipamba tangu asubuhi. Meza kuu tuliweka tulipu kwenye chupa za bia tulizozivisha kamba za katani. Madirishani tukaweka tulipu. Juu ya kiti cha mgeni rasmi tukafunga fungu zima. Shangazi alisogea nyuma akaangalia, mikono kiunoni, na mimi sijawahi kumwona mtu mzima anaangalia kitu vile. Akaniambia polepole, "Wakiniuliza, nitawaambia za sista."

Wakulima wakaingia na kofia zao, wake zao na khanga mpya, ukumbi ukajaa. Katibu akapita mezani. Akasimama. Akachomoa ua moja.

"Ndugu zangu, haya maua ni ya wapi? Mimi nimetembea nchi hii, sijayaona. Isije ikawa tumekaa hapa kuwapongeza wakulima, tunapambiwa maua ya mabwana wakoloni."

Watu wakacheka kwa uangalifu, kile kicheko cha kungoja upepo uelekee wapi. Shangazi akasogea mbele, akafuta mikono kwenye kitenge.

"Shikamoo, ndugu katibu. Ua hili linaitwa..."

Mimi nikaona lori. Haki ya Mungu nililiona, na shangazi juu yake kashika sufuria. Nikapiga kelele toka pale mlangoni:

"Pamba! Ua la pamba hilo, ndugu katibu! Shangazi yangu amewatengenezea wakulima ua la pamba!"

Makofi! Ukumbi mzima ulisimama. Katibu akanyanyua tulipu juu. "Mnaona? Mnaona mama wa Kitanzania?" Kina mama wakapiga vigelegele. Na mimi nikazidi kulewa, nikaingia mpaka katikati, nikaanza kuhutubia habari za dhahabu nyeupe, maneno ya gazeti. Sikumwangalia shangazi. Ningemwangalia ningenyamaza.

Ndipo akainuka mzee mmoja wa Kisukuma kwenye viti vya mbele, mmoja wa wale waliokuja kupewa zawadi, mikono mikubwa kama makasia. Akachukua ua kwa katibu, akaligeuzageuza.

"Kijana, pamba hii umerima wewe?"

"Ni ya shangazi, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona nyekundu?"

"Ua la pamba likizeeka si linakuwa jekundu?" Hiyo niliisoma, nusu isiyolowa.

"Eh, hapo sibishi. Linaanza jeupe, kesho yake linakuwa jekundu. Na kikombe ni kikombe. Sasa jani?" Akalinyanyua lile jani refu, watu wote walione. "Jani la pamba lina vidole, mwanangu, kama mkono huu. Hili ni jani la nini? Mbuzi wangu akiliona hili atakataa kula, ataniuliza kwanza."

Ukumbi ulipasuka. Wakulima wale pamba ndiyo maisha yao, kuwadanganya jani la pamba ni kama kuwadanganya majina ya watoto wao. Mtu akapiga meza. Mama mmoja akasema, "Huyo kijana alime kwanza, maua baadaye!" Nikaanza kuwaka, nikakunja ngumi, kwa mzee yule, mzee wa umri wa babu yangu! Katibu hakucheka. Alinitazama mimi, halafu akamgeukia shangazi.

"Mama. Hili ni ua la pamba, au kijana wako ametudanganya hapa mbele ya wananchi?"

Shangazi akaniangalia. Si kwa hasira. Alinitazama vile anavyotazama nguo yenye doa, anapima kama litatoka. Halafu akalichukua ua lake kwa yule mzee, kwa mikono miwili.

"Ni pamba, ndugu katibu," akasema. "Ua ni la pamba. Jani nimekosea mimi. Mimi ni mtu wa migomba, baba, pamba sijailima. Mnisamehe."

Jani amekosea yeye! Yeye aliyelirudia mara tano kwa ajili ya mtu aliye Uholanzi!

Basi wakamhurumia. Yule mzee akasema, "Aa, mama, si neno, kujifunza tu." Katibu akasema atakubaliwa kwenye kikundi, ila siyo mwalimu, maana mwalimu hawezi kukosea jani. Ataanza kama mwanafunzi, wenzake wamwelekeze. Kwa hiyo alibaki mjini. Hilo ndilo mnalolisifu nyinyi. Na mnajua walimpa jina gani kule Mkuyuni? Mama Majani. Mpaka leo.

Kesho yake mchana alizileta tulipu zote nyumbani, akazilaza kwenye mkeka, akanipa mkasi. "Kata vidole," akasema. "Kwenye majani. Mimi mkono wangu umekataa." Nikakata. Ngozi ya mgomba ikikauka inalia ukiikata, kama mtu anayesaga meno. Shangazi aliondoka akaenda kuchota maji, na ndoo zote zilikuwa zimejaa.

Laiti ingeishia hapo. Mwaka uliofuata nilikwenda kumpelekea chakula kule Mkuyuni. Kina mama wamekaa chini, wanasuka, wanataniana, "Mama Majani, mumeo mdogo kaja." Pale kwenye ubao wa kuuzia yamejaa yale maua, kikombe cha tulipu, jani la pamba, wote sasa wanayatengeneza hivyo. Akaingia sista kijana kutoka ile nyumba ya zamani. Akamwamkia shangazi, akamwambia taratibu kwamba sista mzee amefariki kwao, na kwamba mpaka mwisho alikuwa anauliza kama tulipu za Mwanza zipo. Halafu macho yake yakafika kwenye ubao. Uso ukamng'aa, machozi na kicheko pamoja.

"Kumbe! Tulipu zake! Mama, umezitengeneza tulipu zake?"

Kina mama wakaacha kusuka. Shangazi akanitazama mimi, niko mlangoni na bakuli la chakula. Kwa muda mrefu. Alikuwa ananingoja, najua. Neno moja tu lilitakiwa, tulipu, na halikuwa lake kulisema, lilikuwa langu niliyeanza uongo.

"Hapana, sista," akasema. "Ni pamba."

Sista kijana akaitikia, akanunua moja kwa heshima, akaondoka. Shangazi akapokea bakuli, akasema asante, mwanangu, ndizi zimeiva vizuri.

Mimi ninayepigana bombani kwa ajili yake, mimi niliyepiga kelele ukumbi mzima bila kuulizwa. Sasa wewe unayenipiga bega, niambie: siku ile mdomo wangu ulikuwa wapi?